Kithai kwa dalali wa vito: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dalali wa vito Arusha. Mwakani bosi wangu anataka tuongozane hadi Chanthaburi, Thailand, kwenye soko la mawe. Nimepakua programu ya Kithai kwenye simu, lakini maneno naona yanafanana. Nianze na herufi zao au nikariri maneno kwanza?
Dalali, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na sikio. Konsonanti zao ziko 44, na maneno huandikwa yameshikana bila nafasi, hizo zitakungoja.

Kinachokuchanganya ni toni, yaani sauti kupanda au kushuka na kubadili maana ya neno. Ziko tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Programu ikikuandikia “khao” tu, neno bado hujalipata. Sauti ikishuka ni wali, ikikaa chini ni habari, ikipanda ni rangi nyeupe. Kwa hiyo funika maandishi, sikiliza, rudia kwa sauti, jirekodi, kisha jilinganishe na mwenye lugha. Neno moja mpaka likae. Kiswahili hapo hakikusaidii, ila kama nyumbani mnasema Kichaga au Kisukuma, sikio lako limeshazoea toni.

Kwenye matamshi mengine Kiswahili kitakubeba. Neno ngu, yaani nyoka, linaanza na sauti ile ile ya ng’ombe, na nimeona Wazungu wakihangaika nayo kweli. Halafu hiyo h baada ya p, t na k ni pumzi: ph si f, wala th si ile ya thelathini. Mwombe mzee wa Mombasa akutamkie paa la nyumba, kisha paa wa porini. Huyo wa porini hutoka na pumzi, na ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka Wathai.

Sasa namba. Kwa kazi yako nazitanguliza hata kabla ya salamu. Chanthaburi mnunuzi hukaa mezani, wauzaji wakampelekea mawe, na bei hutajwa upesi. Mia ni roi, elfu ni phan. Lakini elfu kumi ina jina lake, muen, na laki, kama kwetu, nayo ina lake, saen. Ukisikia sam muen, usingoje neno la elfu. Hiyo ni thelathini elfu tayari. Jizoeze kwa bei kubwa kubwa, si moja mpaka kumi tu. Ongeza thaorai, bei gani, na phaeng, ghali.

Kwa adabu, wewe mwanamume malizia na khrap. Ukifundishwa na mwalimu wa kike usiige kha yake, hiyo ni yetu wanawake.

Vitenzi visikutishe: pai ni kwenda, iwe jana au kesho, mimi au wao.

Ukishazitofautisha toni kwa kusikia tu, ingia kwenye herufi na usichelewe. Toni ya kila neno husomeka humo, wakati herufi za Kilatini za kwenye simu mara nyingi huiacha.