Maswali na Majibu: Excel inanipa wiki 36, mkandarasi anasema 14. Nani yuko sahihi?

SWALI

Shikamoo Mhandisi. Ninaratibu mradi wa maji wa kijiji mkoani Singida: kisima kirefu, pampu ya sola, mnara wa tanki, mabomba na vituo vya kuchotea maji. Fedha ni za mfadhili, shilingi milioni 180, na mkataba unaanza tarehe 1 Julai hadi 30 Novemba. Nimeorodhesha kazi zote kwenye Excel pamoja na muda wa kila moja, na nikijumlisha napata wiki 36. Mkandarasi anasema wiki 14 zinatosha. Mfadhili anataka ratiba inayoonyesha njia muhimu, na kila mwezi ripoti ya maendeleo yenye tarakimu. Nianzie wapi? Na je, ni kweli kwamba siku hizi ningetumia Agile, ile mbinu ya kufanya kazi kwa vipande vifupi vifupi, badala ya haya yote?

JIBU

Marahaba. Orodha yako ni nzuri na makadirio yako ya muda hayako mbali na yale ninayoyaona saiti. Kinachokosekana kwenye Excel yako ni safu moja tu: kila kazi inasubiri nini. Bila safu hiyo, ukijumlisha muda unakuwa umekubali kwamba hakuna kazi mbili zinazoweza kwenda kwa pamoja, ndiyo maana ukafika 36.

Mbinu unayotakiwa kuitumia, ile ya njia muhimu (kwa Kiingereza Critical Path Method), ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Kampuni ya DuPont, ikisaidiana na Remington Rand, ilikuwa inatafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake. Karibu wakati uleule jeshi la majini la Marekani lilibuni mbinu ndugu, PERT, kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Kwa mradi wako huhitaji programu yoyote ya kununua. Karatasi ya manila na kalamu vinatosha, ilimradi ukae na mkandarasi na mtu wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) meza moja.

Tuchukue kazi zako mwenyewe. Upimaji wa maji chini ya ardhi umeupa wiki 2, na hausubiri kitu. Kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, wiki 3, kinasubiri ripoti ya upimaji. Kuchimba kisima, kukisafisha na kupima wingi wa maji, wiki 2, kunasubiri kibali. Sampuli kwenda maabara na majibu kurudi, wiki 2, kunasubiri kisima. Kuagiza pampu na paneli, wiki 6, kunasubiri majibu ya maabara, na kuzifunga ni wiki 1.

Upande wa pili kuna usanifu wa mnara na mtandao wa mabomba, wiki 3. Huu unasubiri upimaji peke yake, kwa hiyo utafanyika huku kibali kikishughulikiwa. Kisha, kisima kikishapimwa, kumwaga msingi na nguzo za mnara wiki 3, zege kukomaa wiki 4, kupandisha tanki na kuliunganisha wiki 1. Upande wa tatu, nao ukisubiri kisima: mitaro na kulaza mabomba wiki 4, vituo vya kuchotea maji wiki 3. Pande zote tatu zikikutana, kujaribu mfumo, kuosha mabomba kwa klorini na makabidhiano wiki 2.

Sasa tembea kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kila njia. Njia ya pampu: 2 + 3 + 2 + 2 + 6 + 1 + 2, jumla wiki 18. Njia ya mnara: 2 + 3 + 2 + 3 + 4 + 1 + 2, wiki 17. Njia ya mabomba: 2 + 3 + 2 + 4 + 3 + 2, wiki 16. Iliyo ndefu kuliko zote ndiyo njia muhimu, na urefu wake ndio urefu wa mradi: wiki 18. Ukianza tarehe 1 Julai utakabidhi wiki ya kwanza ya Novemba. Mnara una mwanya wa wiki 1, mabomba yana mwanya wa wiki 2. Yaani mabomba yakichelewa wiki moja na nusu, tarehe ya mwisho haiguswi. Oda ya pampu ikichelewa siku mbili, mradi mzima umechelewa siku mbili.

Mkandarasi naye sidhani kama anakudanganya. Toa upimaji na kibali kwenye 18, zinabaki 13. Akijiwekea wiki moja ya kusafirisha mitambo, anafika 14. Yeye anahesabu tangu siku atakapokabidhiwa saiti na kibali mkononi, wewe unapaswa kuhesabu tangu fedha zilipoidhinishwa. Andikeni jambo hilo kwenye mkataba, maana mabishano mengi ya kuchelewa huanzia hapo.

Nakuomba uitazame njia ya pampu kwa makini zaidi. Kati ya wiki zake 18, kibali kinachukua 3, maabara 2 na oda ya pampu 6. Ni wiki 11 ambazo njia hiyo haina fundi hata mmoja aliyeshika chombo. Waratibu wengi hukaa saiti kutwa wakihimiza wachimba mitaro, kazi yenye mwanya wa wiki mbili, huku faili la kibali limelala kwenye meza ya mtu kwa kukosa nakala ya muhtasari wa kijiji. Muda wako mwingi uwe kwenye zile wiki 11. Piga simu, peleka barua kwa mkono, uliza msambazaji pampu imefika wapi.

Kusubiri ni kazi na lazima kuandikwe kwenye ratiba. Umefanya vyema sana kuandika wiki 4 za zege kukomaa, kwa sababu nimeziona ratiba nyingi zisizo nazo. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida ikifika siku 28, na siku 7 za mwanzo angalau lazima limwagiliwe maji na kufunikwa. Hapo Singida, kwenye jua na upepo wa Agosti, zege lisilomwagiliwa hupasuka nyufa ndogo ndogo kabla hata mbao hazijatolewa. Mtu akikushawishi upandishe tanki wiki ya pili ili kuokoa muda, kataa. Lita 10,000 za maji ni tani 10.

Utauliza, kwa nini mnara na mabomba visubiri kisima? Kiufundi si lazima. Mtaro unaweza kuchimbwa hata kesho. Huu ni utegemezi wa kuchagua, na mimi nimeuchagua kwa makusudi, kwa sababu kisima kinaweza kutoka kikavu, au maji yakawa na floridi nyingi, tatizo linalojulikana vizuri katika mkoa wenu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo weka mlango wa uamuzi mara tu baada ya kupima wingi wa maji: kamati ikae, isome matokeo, iamue kwa maandishi kama mradi unaendelea. Wenye kufuata PRINCE2, mfumo mmojawapo wa kusimamia miradi, huita huu mwisho wa hatua, na kwangu mimi ni sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika mfumo ule. Bora kugundua kisima kikavu ukiwa umetumia sehemu ndogo ya fedha kuliko kukigundua ukiwa na kilomita za mabomba ardhini. Majibu ya floridi yatakuja wiki mbili baadaye, nguzo zikiwa zimeanza. Kama visima vya jirani vina historia mbaya, sogeza mlango huo hadi majibu yarudi. Njia ya mnara itafika wiki 19, nawe ukubali hivyo.

Je, unaweza kufupisha? Ndiyo. Kusanya profoma (ankara za bei) za pampu wakati sampuli zikiwa maabara, kwa sababu kina cha maji na wingi wake utakuwa unavijua tayari. Tuseme hilo linaokoa wiki 2. Watu wengi hapo hutangaza mradi umekuwa wiki 16. Hapana. Njia ya pampu imeshuka hadi 16, lakini ya mnara bado ni 17, na sasa yenyewe ndiyo njia muhimu. Umeokoa wiki 1 tu. Kila ukikata mahali, tembea tena njia zote kabla ya kumwahidi mtu tarehe.

Kuhusu makadirio, usiweke namba moja kwa kazi usiyoimiliki. PERT inataka tatu: mambo yakienda vizuri sana, yakienda kawaida, yakienda vibaya. Chukua ya kawaida mara nne, jumlisha na zile mbili, gawa kwa sita. Kwa pampu: vizuri wiki 4, kawaida 6, vibaya 14 kama itakwama bandarini. Yaani 4 + 24 + 14 = 42, gawa kwa 6, unapata 7. Kwa hiyo ratiba ya kweli, bila ule ufupishaji, ni wiki 19. Mkataba wako una karibu wiki 22. Hizo zilizobaki, mbili na nusu na ushei, usizigawe kwa mafundi. Ziweke mwisho kama akiba ya mradi na uzitoe wewe mwenyewe, kwa sababu ukizinyunyiza kwenye kila kazi zitaliwa kimya kimya. Mvua zenu zikianza, kwa kawaida kuelekea Desemba, lori la mabomba halitafika kijijini, hivyo usiichezee akiba hiyo.

Kazi moja sikuiona: kuunda na kufundisha chombo cha jamii kitakachoendesha mradi, CBWSO. Itaenda sambamba na ujenzi na ina mwanya mkubwa, lakini ni lazima iishe kabla ya makabidhiano. Bei ya ndoo na nani anashika fedha viamuliwe mapema.

Sasa ripoti. Kila mwisho wa mwezi tafuta namba tatu: fedha za kazi iliyopaswa kuwa imefanyika, fedha za kazi iliyofanyika kweli kwa bei ya bajeti, na fedha zilizotumika. Mfano, mwisho wa Septemba ratiba inadai milioni 110, kazi iliyofanyika ina thamani ya milioni 90, umetumia milioni 105. Gawa 90 kwa 110, unapata 0.82: mko nyuma ya ratiba. Gawa 90 kwa 105, unapata 0.86: kila shilingi inaleta kazi ya senti 86. Mwenendo huo ukiendelea, mradi wa milioni 180 utamalizika kwa milioni 210. Mfadhili akiliona hilo Septemba, bado kuna la kufanya. Kazi iliyoanza lakini haijakamilika mimi huipa nusu ya thamani yake na si zaidi, kwa sababu fundi akisema asilimia 90 imekwisha, hiyo 90 inaweza kudumu mwezi mzima.

Ila namba hizo zina upofu. Mabomba ni ghali na kibali ni rahisi, kwa hiyo ukilaza mabomba haraka uwiano wa ratiba utapanda na kupendeza, huku pampu haijaagizwa. Chini ya jedwali la fedha andika sentensi mbili kila mwezi: njia muhimu sasa inapita wapi, na akiba imebaki siku ngapi.

Agile ni nzuri kwa walioibuni, watengenezaji wa programu za kompyuta, wanaoweza kutoa kipande, kukitumia na kukirekebisha. Nguzo za zege hazirekebishwi kila wiki mbili. Kikao chao kifupi cha kila asubuhi, hata hivyo, kichukue: dakika kumi na fundi mkuu, swali likiwa moja tu, nini kinazuia kazi ya leo.