Re: Kuhama Texas kwenda Minnesota kwa ajili ya bima ya kijana transjenda, inasaidia?

Mkuu umeuliza kama muhame Houston mje Minnesota ili mwanao wa miaka 22 alipiwe homoni na bima. Mdogo wangu ni transjenda, alianzia hukohuko Texas na sasa tuko naye Minneapolis, kwa iyo haya makaratasi nayajua vizuri. Kabla hujafunga virago angalia kwanza nani anatoa hela kwenye hiyo bima yako, jimbo linakuja baadae.

Kama bima ni ya kazini na kampuni ni kubwa, mara nyingi kampuni yenyewe ndo inalipa matibabu, lile jina kwenye kadi ni la watu wa kushughulikia makaratasi tu. Bima ya hivyo iko chini ya sheria ya serikali kuu ya 1974, ERISA, na sheria za bima za jimbo haziigusi. Ndo maana unakuta mtu yuko Dallas analipiwa mpaka upasuaji na mwingine yuko huku kwetu, jimbo linalosifiwa kila siku, kanyimwa. Mdogo wangu homoni zake za kwanza zililipiwa Texas kwa bima ya kazi, watu nikiwaambia wanabisha. Na mwanao anaweza kukaa kwenye bima yako mpaka afike miaka 26 hata akiishi jimbo lingine, ila hakikisha bima ina madaktari huko.

Kama mnategemea Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, sasa hapo jimbo ndo kila kitu. Texas hawakuipanua ichukue watu wazima wote wa kipato kidogo, kijana mzima asiye na mtoto wala ulemavu hata kuingia haingii, achilia mbali homoni. Minnesota mwenye kipato kidogo anaingia na matibabu haya yanalipiwa. Au chukua jiji la St. Louis, lililo mpakani: upande wa Missouri sheria ya 2023 inakataza Medicaid kulipia homoni na upasuaji wa kubadili jinsia kwa umri wowote, ukivuka daraja la Mississippi uko Illinois, Medicaid inalipa. Mto tu aisee! Florida nao walipitisha kanuni ya kuzuia 2022.

Bima za kujinunulia mwenyewe zinayumba. Colorado walikuwa wa kwanza kuingiza huduma hizi kwenye kifurushi cha huduma ambazo bima hizo lazima zilipie, 2023, halafu serikali kuu ikaja kusema kuanzia bima za 2026 zisihesabiwe humo. Kulipia bado sio marufuku, lakini zile listi za majimbo za mwaka juzi zinazozunguka kwenye magrupu usizitegemee.

Mkikataliwa someni barua mpaka mwisho. Kama inasema huduma haimo kabisa kwenye mpango, hiyo ngumu. Kama inasema haina ulazima wa kitabibu, hiyo inapiganika, mna siku 180 za kukata rufaa na wakigoma tena mnaomba mkaguzi wa nje asiye mtu wa bima. Mdogo wangu aliletewa hiyo ya pili kwa upasuaji wa kifua, tukapeleka barua ya daktari, ya mtaalamu wa saikolojia, na nakala ya ukurasa wa kitabu chao wenyewe unaotaja upasuaji huo, tena tumeupiga kalamu ya njano, wakalipa.

Kwa iyo kesho mwandikie HR, wale wa ofisi ya wafanyakazi kazini kwako, muulize kama kampuni inalipa yenyewe na akutumie kitabu chote cha mpango, sio kile kikaratasi cha kurasa chache. Usipige simu, taka jibu la maandishi. Ukilipata lete hapa tulisome.