Kwa wanaoanza kuchomelea: njia za mkato za kukataa

Wadogo zangu mnaotoka VETA Chang'ombe na vyuo vingine, kanuni za usalama mmeshafundishwa. Kasheshe huanza mteja akishasimama mlangoni anadai geti lake na umeme ndiyo kwanza umerudi. Hapo ndipo njia za mkato zinapotolewa, na nyingi atakuonyesha fundi unayemheshimu.

Mbaya kuliko zote ni ya grainda, mashine ya kukatia na kusagia chuma. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu inatolewa kava la kinga, kisha inafungwa diski ya inchi 9. Tundu la katikati linalingana, kwa hiyo inakaa vizuri na kila mtu anaona ni ujanja. Soma maandishi yake: mwisho wake ni kama mizunguko 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka karibu 11,000. Diski hiyo ikipasuka, vipande vinaruka usawa wa uso, na kava lililopaswa kuvizuia liko chini ya meza. Hata iliyolika ikawa ndogo, usiifunge. Angalia pia tarehe kwenye kile kipete cha chuma katikati. Zipo zinazouzwa zimeshapitwa na muda. Iliyolowa mvua za masika, tupa. Ya kukatia usiisagie kwa ubavu.

Macho, sasa. Miwani ya jua si kinga. Kwa kuchomelea kwa fimbo (elektrodi) kwenye kazi za kawaida tumia barakoa ya kuchomelea yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Anayeumia zaidi mara nyingi ni saidia fundi aliyeshikilia bomba, anayeambiwa "geuza uso tu". Mchana hasikii kitu. Usiku wa manane anaamka macho kama yamejaa mchanga. Naye apewe barakoa yake. Bosi akinuna, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.

Bomba la zinki lisage kwanza pale unapounga, na ufanyie kazi nje, upepo ukipita ubavuni. Moshi wake unaleta homa na kutetemeka usiku, wengi wanakimbilia kupima malaria. Na haya maziwa tunayonunuliwa kila jioni, eti yasafishe moshi? Kunywa, ni chakula. Lakini yanakwenda tumboni, moshi umeshaingia mapafuni.

Joto letu hili linalowesha glovu kwa jasho, na ngozi iliyolowa inapitisha umeme kirahisi. Weka jozi ya pili kavu, vaa buti, ndala ziache nyumbani. Mtungi wa oksijeni usiuguse kwa mikono yenye grisi wala oili.

Pipa lililobeba petroli au thina likiletwa likatwe, likatae, hata likiwa limekaa wazi miezi. Mvuke hujificha kwenye mikunjo na kutu, na moto wa kukatia unautoa. Mwenye pipa atakwambia fundi wa jirani hukata kila siku. Mwache ampelekee.