Barua kwa binti yangu fundi wa kompyuta

Mwanangu,

Umeniuliza umfanye nini yule mteja wa Milimani huko Kisumu anayetaka ufungue kompyuta ya duka lake ikiwa bado inatumia UPS, kile kifaa cha betri kinachoiendesha stima ikipotea, eti mauzo yasisimame. Unaogopa ukikataa ataita fundi mwingine. Basi amwite.

Nimefunga stima hapa Nakuru tangu hujazaliwa, na kinachoniogopesha zaidi ni waya ambao mtu amekuapia kwamba hauna moto. UPS ndiyo mambo yake hayo. Ukiichomoa ukutani bado ina betri, na inaendelea kutoa volti 240 zile zile. Izime kwa swichi yake, chomoa nyaya zote za kompyuta, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Hapo sasa fungua boksi. Pawa saplai yenyewe, lile boksi la ndani linaloipa kompyuta umeme, usiifungue hata mteja akililia gharama. Kapasita kubwa ya ndani, kile kipande kinachohifadhi chaji, hubeba zaidi ya volti 300 na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomolewa. Badilisha nzima.

Huyo mzee mwambie utafika saa moja asubuhi, kabla hajafungua duka. Mambo ya volti hatayasikia, ya saa atayasikia.

Nyumba nyingi za zamani huko Kisumu zina soketi za matundu matatu, lakini ukifungua huenda ukakuta waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haujafungwa popote. Ukigusa boksi la chuma likakuwasha vidole kama upupu, usikubali kuambiwa ni kawaida. Na ile bangili ya kuondoa umeme tuli mwilini uliyonionyesha kwenye picha, uliyojitengenezea kwa waya mtupu, itupe leo. Ya dukani ina rezista ya megaohmu 1 ndani yake, kizuizi cha kupunguza umeme unaokupitia. Yako inakufunga kwenye ardhi bila kizuizi chochote. Hata hiyo ya dukani, usiivae ukishika kitu chenye moto.

Betri ya laptopu ikifura usiichaji "tuone tu", usiitoboe, na usiitie kwenye begi la mgongoni ukapanda nayo boda. Tembea na mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, uibebee humo. Mvua ya ziwa ikianza kunguruma, achana na nyaya za intaneti zinazotoka nje.

Kwenda kwa mteja wa Riat, huko nje ya mji, usiku peke yako: usiende. Hata mchana, mtumie kakako lokesheni kabla hujapanda boda, na ufanyie kazi karibu na mlango. Mama yako anapaza sauti kutoka jikoni kwamba roho ikikataa, uondoke hata kama skrubu za watu ziko mezani. Safari hii namuunga mkono.

Nimekutumia tester ya soketi, ya kupima kama zimefungwa sawa, kwa matatu ya asubuhi. Ichukue ofisini kwao kabla ya saa nane, jina nimeandika lako, na nauli ya mzigo nimeshalipa.

Baba yako