Waligawa bure, hela ikatoka wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Kuna jamaa huku kwetu Mwanza tumebishana mpaka tukawekeana soda, anasema Old Town Road ya Lil Nas X mdundo wake umetoka kwa bendi ya roki, tena ile roki ya kelele za mashine, na hiyo albamu waliigawa bure. Mi nkamwambia muongo, mtu agawe bure afu ale nini? Na sie tuna kabendi ketu ka watu wanne, tunarekodia geto, tunawaza na sisi tugawe bure. Unatushaurije?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jamaa hajadanganya ila kakupa nusu. Bendi ni Nine Inch Nails ya Trent Reznor, wale ambao ngoma zao zingine ukisikiliza utadhani upo karakana ya mageti. Albamu ni Ghosts I–IV, ilitoka Machi 2008, miezi michache tu baada ya Reznor kuachana na lebo, kwa hiyo wakaitoa wenyewe. Ina vipande 36, hakuna anayeimba, na havina majina, ni namba tu. Cha 34 ndo chenye zile nyuzi zinazodonolewa taratibu kama banjo. Dogo mmoja prodyuza wa Uholanzi, YoungKio, akakikata akakiwekea ngoma, Lil Nas X akainunua hiyo biti mtandaoni dola 30. Thelathini! Wimbo ukakaa wiki 19 namba moja Marekani 2019.

Sasa hiyo albamu ilikuwa na leseni ya Creative Commons, yaani chukua, changanya, sambaza, ila usifanyie biashara bila ruhusa. Ndo maana Reznor na mwenzake Atticus Ross wameandikwa kama watunzi kwenye Old Town Road.

Kuhusu bure, bure vilikuwa vipande 9 vya kwanza tu. Vyote 36 dola 5, sidii mbili dola 10, boksi dola 75, afu kuna boksi la kifahari la dola 300 lenye sahihi ya Reznor, nakala 2,500 tu, zikaisha ndani ya siku chache. Piga hesabu hapo, dola 750,000 kwa hilo boksi peke yake. Wiki ya kwanza jumla iliingia kama milioni 1.6.

Ila msikimbilie, yule ana mashabiki tangu 1989, nyie mna washkaji wa mtaani. Novemba 2007 alimsaidia mshairi Saul Williams kutoa albamu kwa staili hiyo hiyo, unachukua bure au unalipa dola 5 ukipenda. Miezi miwili baadae Reznor akaweka namba hadharani: walioshusha 154,449, waliolipa 28,322. Hata mmoja kwa watano hafiki, na mwenyewe hakufurahi kabisa.

Mi ningegawa nyimbo mbili tatu, zingine niuze hata kwa buku, afu nitengeneze kitu cha kushika mkononi, fulana au sidii 30 mlizosaini wote wanne. Na kabla hamjapandisha chochote andikeni nani kapiga nini na mgao ukoje, faili za kila chombo mzitunze, maana hicho kipande cha 34 kililala miaka kumi ndo kikaja kuleta hela.

Soda ya jamaa mpelekee, tena ya baridi.