Akifungwa raba kwenye umio, kumeza kunauma: yale ambayo Baba alistahili kuambiwa

Ikiwa mgonjwa wako amerudi nyumbani baada ya kufungwa kwa raba mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na sasa anashika kifua kila akimeza, naomba usome haya kabla hujasema ameharibiwa koo. Sisi tulisema hivyo, na nusura tumzike Baba.

Baba amevua samaki Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huko Kisumu, tangu ujana wake, na ziwa lilimpa kichocho cha tumbo bila yeye kujua. Mayai ya minyoo ile hukwama kwenye ini na kuacha makovu yanayobana mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni. Aliye Kisumu ataelewa haraka: gugumaji likiziba njia ya kuingilia ufuoni, boti huzunguka zipite kwingine. Damu nayo huzunguka, inajazana kwenye vijishipa vya umio hadi vinavimba, na siku moja kimoja kinapasuka. Damu aliyotapika Baba ilijaa nusu beseni.

Hospitalini walimwingiza kamera mdomoni. Daktari huvuta mshipa uliovimba ndani ya kifuniko kidogo kilicho kwenye ncha ya kamera, kisha anaachilia kipete cha mpira kiukabe mshipa huo kwenye shina lake. Damu ikakatika. Tukamshukuru Mungu, tukapewa dawa na tarehe ya kurudi, basi. Kuhusu kumeza hatukuambiwa neno.

Usiku wa pili nyumbani nilimletea uji. Kijiko cha kwanza kiliposhuka, alifumba macho, akaweka kiganja katikati ya kifua na kungoja. Akangoja sana. Kisha akakisukuma kikombe: "Wamenifunga njia, mwanangu. Kuna kitu kimekaa hapa." Tuliamini. Tarehe ya kurudi ilipofika alikataa kwenda, na hakuna aliyemlazimisha. Wiki chache baadaye beseni lilijaa tena.

Safari hiyo muuguzi mmoja alivuta kiti, akatueleza. Kweli kitu kilikuwa kimekaa pale: ni ile mishipa iliyofungwa, imesimama kama nundu ndani ya umio. Baada ya siku chache hufa na kudondoka pamoja na raba zake, kila moja ikiacha kidonda, na vidonda hivyo huchukua wiki 2 au 3 hivi kupona. Kwa hiyo maumivu ya siku za kwanza hutarajiwa, na kwa wengi hupungua yenyewe. Hatari ni kwamba kidonda nacho kinaweza kutoa damu, ndiyo sababu ya chakula laini. Na raba hazimalizi kazi siku moja. Mgonjwa hurudi kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa ipotee. Baba alirudi mara 4.

Siku ya kwanza baada ya kufungwa tena, ganzi ya koo ikiisha, tulimpa vya majimaji tu, vilivyopoa: maziwa, mchuzi, uji wa wimbi uliochujwa. Chai ya moto hapana. Baadaye viazi vya kuponda, ndizi iliyoiva sana, yai laini. Ugomvi ulikuwa kwenye ugali, kwa sababu kwake mtu asiyekula ugali hajala. Tulikubaliana asubiri mpaka daktari aruhusu. Samaki nilimchambua kwa vidole, mwiba baada ya mwiba, nikauponda mnofu ndani ya mchuzi. Omena nilizificha kabisa. Ale ameketi wima, kidogo kidogo, asilale papo hapo.

Dawa nazo zina mambo yake. Tulitaka kusaga kidonge cha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ili kipite rahisi. Usifanye hivyo, uliza kwanza. Na maumivu ya kifua yasikupeleke dukani kununua aspirini, diklofenaki au ibuprofeni, kwani hizo huchokoza damu itoke. Propranololi asiiache kwa kuwa anajisikia nafuu. Ndiyo inayopunguza msukumo kwenye mishipa.

Kuna kukwama kwa aina nyingine. Amu yangu alitibiwa zamani kwa sindano ya kukausha mishipa. Wiki kadhaa baadaye nyama ikaanza kukwama, kisha ugali, mwishowe hata uji. Kovu lilikuwa limebana umio, na ilibidi upanuliwe kwa kamera zaidi ya mara moja. Kwa raba hilo hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Maumivu yanayopungua siku hadi siku, mvumilie. Kumeza kunakozidi kuwa kugumu wiki zikipita, mrudishe. Akishindwa kumeza hata mate, akitapika damu, akienda choo cheusi chenye kunata kama lami, akipata homa au kizunguzungu, usingoje kuche. Tafuta gari usiku huo huo.

Baba sasa anakula ugali. Kamera ya kuangalia kama mishipa imerudi ni mwezi ujao, na tarehe nimeiandika kwa wino mwekundu ukutani, juu ya kiti chake.