Amplifaya ya mtumba imefika nyumbani: maswali na majibu

Maswali mengi ninayoletewa siku hizi yanahusu amplifaya za zamani, Sansui, Pioneer, Technics, NAD na wenzake, zinazoshuka kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya. Nimechagua yanayojirudia. Mashine hizi nazipenda, na inaniuma zinapokufa siku ya kwanza kwa pupa tu, ndiyo maana majibu ya mwanzo ni marefu.

Shikamoo fundi. Nimepata Sansui iliyotoka Japani. Mgongoni imeandikwa "AC 100V 50/60Hz". Aliyeniuzia anasema nichomeke tu ukutani, eti umeme wetu wenyewe ni mdogo. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Si kweli, na tafadhali usichomeke. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya ni 240, na hata ukipungua mpaka taa zikafifia, bado uko mbali sana na 100. Ukichomeka, transfoma inazidiwa, koili yake inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na ukiwa na bahati fyuzi inakatika. Ukikosa bahati koili inaungua, na transfoma ya Sansui ya miaka ile huikuti dukani.

Unahitaji stepdauni, yaani transfoma ya kushusha umeme. Hapa pana mtego: nyingi zinazouzwa zinatoa volti 110, kwa kuwa zimelengwa vifaa vya Marekani. Kwa amplifaya ya 100 hiyo ni asilimia 10 zaidi. Itacheza, lakini itachemka, na kapasita zake (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme), zilizokwisha kuzeeka, zitaumia kila siku. Tafuta yenye tundu la 100, au umpe fundi anayesuka transfoma akusukie. Kisha soma mgongoni amplifaya inakula wati ngapi. Ikiandikwa 250, chukua stepdauni ya 500. Ile ya 300 itaimba vizuri wiki ya kwanza, halafu siku ya sherehe ukipandisha sauti utasikia harufu.

Nyongeza kwa wengine: baadhi ya amplifaya zilizotengenezwa ziuzwe nje ya Japani zina swichi ya kuchagua volti mgongoni, yenye 110, 120, 220 na 240. Huzungushwa kwa bisibisi plagi ikiwa imechomolewa. Iangalie kabla hujatoa hela ya stepdauni.

Amplifaya ya marehemu baba imekaa stoo miaka mingi. Naogopa kuiwasha. (Msomaji, Mombasa)

Pole kwa msiba, na woga wako una maana. Ndani mna kapasita zenye utando mwembamba unaozuia umeme kupita. Zikikaa muda mrefu bila kuwashwa, utando huo unadhoofika, na zikipewa umeme wote kwa mara moja zinaweza kupiga shoti.

Mwombe fundi aiwashe kupitia balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, iwe katikati ya umeme na amplifaya. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Spika zisiunganishwe kwanza. Balbu itang'aa mara moja kisha itafifia mpaka ibaki nyekundu hafifu: hapo pumua. Ikikataa kufifia, ndani kuna shoti. Zimeni, na kifuniko kisifunguliwe haraka, maana kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Balbu ikififia, iwasheni sasa kwa umeme kamili, bado bila spika. Nyingi za aina hii baada ya sekunde chache hutoa mlio mdogo, "tak". Hiyo ni rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inafungua njia ya spika, ishara kwamba mashine imejikagua ikaridhika. Hata hivyo fundi apime: mita kwenye DC (umeme mnyoofu, kama wa betri), sauti sifuri, kwenye matundu ya spika. Milivolti chache hadi 50 ni sawa. Zikipita 100 irekebishwe kwanza. Akikuta volti nzima au zaidi, spika yoyote utakayounganisha itaungua koili. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, na fundi asiyetaka kukifanya, mtafutie mwenzake.

Taa inawaka, waya zote zimekaa, lakini hakuna sauti hata kidogo. Fundi anataka kubadilisha transista za nguvu. (Msomaji, Nairobi)

Mzuie kwanza. Nimeona amplifaya nzima kabisa zikifunguliwa na kuchokonolewa kwa sababu ya kitufe kimoja cha mbele, TAPE MONITOR. Kikiwa kimebonyezwa, amplifaya inapeleka sauti kwenye deki ya kaseti na kusubiri irudi. Huna deki, basi hakuna kinachorudi. Kibonyeze kitoke. Halafu angalia kitufe cha SPEAKERS, kisiwe kwenye OFF, au kwenye B wakati waya zako ziko A. Chomeka hedifoni na kuzichomoa mara kadhaa pia, maana kutu kwenye tundu hilo inaweza kukata spika.

Bado kimya? Geuza mgongo. Kwenye NAD 3020, ile iliyotoka mwaka 1978 na bado inasakwa hadi leo, kuna vipande viwili vya chuma vyenye umbo la U vinavyounganisha PRE OUT, yaani mahali sauti inapotokea sehemu ya mwanzo ya amplifaya, na matundu ya kuingilia sehemu ya nguvu, kulia na kushoto. Bila hivyo sauti inaishia nusu ya njia. Vinachomoka kirahisi, na asiyejua kazi yake huvitupa. Zima, weka mahali pake waya mbili fupi za RCA, zile za sauti zenye pini moja katikati, kisha washa sauti ikiwa chini. Amplifaya nyingine nyingi zina mpango huu huu, kwa hiyo soma maandishi ya mgongoni kabla ya kuhukumu transista.

Naweza kufunga spika nne? (Msomaji, Dodoma)

Inategemea omu, kipimo cha ukinzani wa spika kilichoandikwa mgongoni mwake. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja upande mmoja, amplifaya inaona 4. Za omu 4 zikiwa mbili inaona 2, na hapo amplifaya nyingi za zamani huchemka na kuungua. Spika za gari kwa kawaida ni omu 4, jihadhari nazo. Mgongoni pameandikwa kiwango cha chini, kwa mfano "A or B: 4–16, A+B: 8–16". Usishuke chini ya hapo.

Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza spika moja tu, besi inayeyuka na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Sokota vizuri nyuzi za waya, usibaki hata uzi mmoja unaogusa tundu la pili.

Ukizungusha sauti inakwaruza, na upande mmoja unapotea. (Msomaji, Kigoma)

Uchafu. Zima, chomoa, puliza dawa ya kusafishia swichi za umeme ndani ya kitasa cha sauti, ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, uache ikauke. Mafuta ya taa hapana.

Mjomba ametuma pleya ya santuri kutoka Marekani. Nimeweka stepdauni ya 110, lakini taarabu inaimba polepole na waimbaji wamekuwa wazito. (Msomaji, Zanzibar)

Stepdauni inashusha volti, lakini haigusi mapigo ya umeme. Marekani ni 60Hz, sisi 50. Baadhi ya pleya za zamani zina mota inayofuata mapigo hayo, kwa hiyo santuri ya mizunguko 33 kwa dakika inazunguka kama 28. Dawa yake ni puli ya 50Hz, yaani kile kigurudumu cha kwenye mota. Japani yenyewe imegawanyika, Tokyo 50 na Osaka 60, ndiyo maana pleya zao za aina hii huwa na puli inayobadilishika. Zile kama Technics SL-1200 zinajipangia mwendo zenyewe, hazina shida hii.

Na iingie kwenye PHONO, pamoja na ule waya mwembamba wa ardhi kwenye GND, la sivyo itavuma. Simu na televisheni ziende AUX. PHONO inategemea milivolti chache tu kutoka kwenye sindano. Ukiipa sauti ya simu itapasuka masikioni.

Nimeambiwa niiache ikiwaka wiki nzima usiku na mchana ili izoee. (Msomaji, Mwanza)

Usiiache ikiwaka nyumba ikiwa imelala, hasa iliyozeeka na hujaijua tabia. Icheze saa moja au mbili kwa sauti ya wastani wiki za mwanzo, na baada ya nusu saa weka kiganja juu yake. Joto la kawaida ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono, ipeleke kwa fundi.

Na kile kitambaa kizuri kilichodariziwa, naomba kiende kwenye meza. Matundu ya juu ndiyo njia ya kutolea joto, yanahitaji nafasi ya sentimita 10 hivi. Umeme ukikatika, chomoa plagi, na ukirudi subiri dakika chache utulie kabla ya kuirudisha.